Ukitaka gari la michezo la zamani, kagua bati kabla ya injini

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua ili niseme neno na wasomaji wenzangu wa Mwanza na mwambao wa Ziwa Victoria, hasa vijana waliojaliwa kipato ambao siku hizi, badala ya kuagiza gari dogo la kawaida kutoka Japani, wanayatafuta magari ya michezo ya miaka ya 1970 yaliyosahaulika katika mabohari na nyuma ya nyumba za watu. Mapenzi hayo siyalaumu, kwa kuwa nami ninayo. Ninacholalamikia ni namna tunavyoyanunua. Tunafika, tunasalimiana, tunamwambia mwenye gari “washa tusikie”, na injini ikiunguruma vizuri tunatazamana na kutikisa vichwa, tunalizunguka gari mara mbili tukipapasa rangi, kisha tunaanza kuvutana bei. Nimeyaona hayo Nyakato, nimeyaona Igoma, na nimewahi kuyafanya mwenyewe.

Kwa miaka 26 niliishi kwa kukagua na kuchomelea bati za vyombo vya majini katika ziwa hili. Chombo kikipandishwa nchi kavu, mkaguzi wa bati huchukua nyundo ndogo akaenda nayo ubavuni hatua kwa hatua, akigonga na kusikiliza, kwa sababu bati zima hulia na bati lililoliwa hunyamaza. Jambo hilo nilikuwa nalijua kama ninavyolijua jina langu, lakini mwaka 1998, nilipokwenda Shinyanga kuona Toyota Celica ya toleo la kwanza, lile lililotengenezwa kati ya 1970 na 1977, nyundo yangu niliiacha nyumbani. Nilisikiliza injini. Ilikuwa injini nzuri kweli, na mpaka leo sina neno baya juu yake. Mwezi wa nne tangu niinunue, nikitokea Magu, nilipita juu ya tuta bila kupunguza mwendo wa kutosha, na kiti cha dereva kikazama upande mmoja nikiwa nimekikalia. Bolti zilizokishika zilikuwa zimefungwa kwenye sakafu ambayo haikuwapo tena. Kilichokuwapo ni zulia, na chini ya zulia tabaka la lami lililopakwa kwa mkono wa ukarimu na aliyeniuzia. Nilifika Igogo nimeegemea mlango.

Nadhani kosa letu lina asili yake. Wengi wetu huku tulijifunza magari kwa Land Rover, kwa malori ya pamba na kwa pikapu, na magari hayo yana chesi ya kweli, vyuma viwili vinene vinavyokwenda toka mbele hadi nyuma, na bodi imewekwa juu yake kama kofia. Kofia ikitoboka, mwenye nayo haugui. Lori lenye milango iliyofungwa kwa waya litaendelea kubeba mizigo miaka mingi, na ndiyo maana fundi wa huku huuliza kwanza habari za injini, gia boksi na difu. Magari mengi ya michezo ya miaka ile hayakutengenezwa hivyo. Ili liwe jepesi na liwahi kushika mwendo, bati lenyewe ndilo lililofanywa chesi: sakafu, vizingiti vya chini ya milango, nguzo za kioo cha mbele na paa vimechomelewa pamoja vikawa sanduku moja, na injini, usukani na magurudumu vyote vimening’inizwa kwenye sanduku hilo. Likioza, hakuna chuma kingine nyuma yake cha kulibeba. Injini unaweza kuishusha kwa mnyororo na kuiweka pembeni siku hiyohiyo. Bodi ya gari la namna hii huwezi kuishusha, kwa kuwa hiyo ndiyo gari lenyewe.

Mwaka jana mpwa wangu alinipigia simu kwa furaha, akaniambia amepata Datsun 240Z hapa hapa mjini. Kwa wasiolijua, ni gari la milango miwili lenye boneti ndefu, lililoanza kutengenezwa Japani mwaka 1969, lenye injini ya silinda 6 zilizopangwa mstari mmoja, ujazo wa sentimita za ujazo 2,393, na kabureta mbili. Afrika Mashariki ina sababu ya kulikumbuka, kwa kuwa lilishinda mbio za magari za Safari (Safari Rally) mara mbili: mwaka 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann akiwa na Hans Schüller, na mwaka 1973 likiendeshwa na Shekhar Mehta akiwa na Lofty Drews. Heshima hiyo ni ya kweli, ila imewafundisha madalali wimbo mmoja, kwamba kila gari la aina hiyo lililobaki huku liliwahi kukimbia Safari. Aliyetupokea sisi aliuimba kabla hatujashika mlango. Gari lililokimbia mbio zile huwa na makovu yake, kama matundu yaliyofungiwa bamba la kukinga injini kwa chini, mashina ya fremu ya kumkinga dereva, na bati lililoongezwa na kuchomelewa mahali panapopata misukosuko. Gari letu halikuwa na hata moja, na hilo lilinifurahisha, maana lililokimbia mbio limeteswa zaidi.

Lilikuwa Kirumba, katika bohari moja karibu na mwalo. Mwenyewe alikwisha kufariki, na mjane wake, mama mpole aliyetusalimia kwa Kisukuma na kutuletea viti kabla ya kutuuliza shida yetu, alikuwa amemkabidhi dalali kazi ya kuuza. Dalali alikuwa amelipaka rangi upya, nyekundu, yenye kung’aa hadi unajiona meno. “Mzee wangu,” aliniambia, “gari la ziwani halishiki kutu. Maji ya huku hayana chumvi kama ya Dar.” Sentensi hiyo nimeisikia mara nyingi, na nusu yake ni kweli. Maji ya ziwa si ya chumvi, na gari lililoishi Mwanza halikupigwa na upepo wa chumvi kama lililoishi Tanga au Mombasa. Lakini kutu inahitaji maji na hewa tu. Chumvi huharakisha kazi. Ndani ya vizingiti na reli zilizofunikwa, maji yakiingia hayatoki, na unyevu wetu hauyakaushi. Tena nilikuwa nimekwisha kuinusa ile bohari. Nilimuuliza mama marehemu mumewe alikuwa akifanya biashara gani, akajibu bila kusita kwamba alikuwa akiuza kayabo, na magunia yalikuwa yakipangwa palepale, ubavuni mwa gari, miaka yote. Samaki wa chumvi! Dalali aliangalia mlangoni.

Tulikwenda asubuhi, na niliichagua asubuhi kwa sababu mbili. Kwanza, gari lililolowa mvua au lililomwagiwa maji kwa heshima ya mgeni hung’aa lote sawasawa, na mawimbi ya putii, ule udongo wa kuzibia bati lililooza, chini ya rangi hayaonekani. Unahitaji bati kavu na jua la upande. Pili, nilitaka kuishika injini kwa kiganja kabla haijawashwa. Injini iliyo na joto saa mbili asubuhi ina siri, kwani mtu ameamka mapema kuilazimisha iwake ili wewe usione ilivyokuwa ikikataa. Mikononi nilikuwa na tochi, bisibisi butu, kioo kidogo cha kunyolea ndevu, kipande cha mkeka cha kulalia, na sumaku ya spika ya redio niliyoifunga katika leso isikwaruze rangi. Mpwa alikuwa ameleta fedha. Nilimwomba azirudishe kwenye gari tulilokuja nalo.

Sumaku ndiyo iliyoanza kusema. Juu ya paa na katikati ya mlango ilishika kwa nguvu, tena ukiivuta inakataa. Niliishusha polepole kwenye kona iliyo nyuma ya mlango, mbele ya gurudumu la nyuma, pale ambapo kizingiti kinakutana na upinde wa tairi, na leso ikateleza ikaanguka kwenye vumbi. Nikaiokota, nikairudisha, ikaanguka tena, maana sumaku hushika bati, haishiki putii. Kona hiyo katika 240Z ni mahali pa kwanza kutazamwa, kwa sababu tope linalorushwa na tairi hukusanyika huko kwa ndani. Nilipopima kwa vidole niliona putii inaanza karibu na kitasa na kunenepa kuelekea chini, na nilipogonga kwa mpini wa bisibisi, kizingiti kililia vizuri kutoka mbele hadi nusu ya mlango, kisha sauti ikafa, ikawa kama kugonga boga.

“Mzee, unaliumiza gari la watu,” alisema dalali.

“Bati zima haliumii kwa mpini wa bisibisi,” nilimjibu, na mama, aliyekuwa amesogea, akasema tuendelee.

Baada ya hapo nililala kwenye mkeka. Chini ya sakafu ya gari hili kuna reli mbili za bati lililokunjwa, moja kila upande, zinazoanza kwenye chumba cha injini na kurudi nyuma chini ya miguu ya dereva na abiria. Hizo ndizo zinazobeba uzito wa mbele, na zikiwa zimepondwa kwa jeki iliyowekwa vibaya au zimeliwa, gari limekwisha hata kama linang’aa juu. Za kwetu zilikuwa zimepakwa lami mpya nyeusi, bado laini. Ninawaomba wasomaji walitie akilini jambo hili: lami iliyopakwa miaka mingi iliyopita ni ulinzi, lakini lami iliyopakwa wiki ya mauzo ni pazia. Nilisukuma bisibisi kwa nguvu ya kidole gumba tu. Upande wa abiria reli ilikataa. Upande wa dereva bisibisi ilizama, na nilipoitoa ilikuja na unga wa rangi ya kahawa ukanidondokea shingoni.

Mama alituruhusu tuinue zulia. Chini yake tulikuta vipande viwili vya bati la pipa la mafuta, vimebandikwa kwa riveti juu ya sakafu ya zamani, na kwenye kimoja bado yalisomeka maandishi ya rangi ya bluu. Sikucheka, kwa kuwa niliikumbuka Celica yangu. Tulitoa tairi la akiba, na kwenye shimo lake tukakuta maji ya juzi. Tukatazama bati lililo chini ya mlango wa nyuma wa mizigo, mlango ambao raba yake ikichoka hupitisha maji na, jambo linalosahaulika, huvuta moshi wa ekzosi ukaingia ndani kwa watu mnapokuwa mwendoni. Tuliondoa betri, tukakuta tindikali iliyokuwa ikichuruzika kwa miaka mingi imekula sinia yake na kuanza kwenye ukuta wa nyuma yake. Tulimimina kikombe cha maji chini ya kioo cha mbele, kwenye matundu yanayotakiwa kuyapeleka nje, tukasubiri. Yalitokea miguuni mwa dereva.

Kipimo kimoja cha mwisho cha bodi sijaona mtu akikifanya huku, nacho hakina gharama. Fungua mlango, uufunge, utazame nafasi kati ya mlango na bodi, juu na chini; kisha inua gari kwa jeki mahali palipo imara, ujaribu tena. Nafasi ikibadilika, au mlango ukianza kugoma, sanduku linapinda, na linapinda kwa sababu vizingiti havifanyi kazi yake. Msidanganywe na anayesema ni bawaba. Bawaba iliyochoka hushusha mlango hata gari likiwa chini.

Nimekaa kwenye bati kwa muda mrefu kwa makusudi, kwa kuwa fedha huzama huko, ila sisemi injini isitazamwe. Injini ya gari hili ina bloku ya chuma na hedi ya alumini, na ndoa ya madini hayo mawili inahitaji kulanti, yaani maji ya rejeta yenye dawa ya kuzuia kutu. Ukimimina maji matupu ya bombani au ya ziwani miaka nenda miaka rudi, njia za maji kwenye alumini huliwa, gasketi huungua, na hedi hupinda. Hapa kwetu kuna jambo la ziada. Uso wa ziwa uko mita zipatazo 1,134 juu ya usawa wa bahari, na kwa mwinuko huo maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi joto 96 hivi badala ya 100, kwa hiyo mfuniko wa rejeta uliochoka springi, ambao Dar usingeonekana una tatizo, huku utaiangusha injini kwenye mlima wa kwanza. Fungua mfuniko huo injini ikiwa baridi na utazame rangi: kijani au nyekundu safi inatia moyo, chai ya maziwa ni oili iliyochanganyika na maji, na maji ya kutu yanakueleza mwenye gari alikuwa mtu wa namna gani.

Mwinuko huohuo hupotosha kipimo cha mgandamizo wa silinda. Kijana mmoja wa gereji aliwahi kunisomea geji akiwa na kitabu cha kiwandani mkononi, akaihukumu injini kwamba imekufa kwa sababu kila silinda ilikuwa chini ya kiwango. Kitabu kiliandikiwa usawa wa bahari. Huku hewa ni pungufu kwa karibu sehemu moja ya nane, na geji itashuka kwa kiasi kinachokaribia hicho hata injini ikiwa mpya. Linganisha silinda kwa silinda: zote 6 zikikaribiana, tofauti isipite asilimia 10 hivi, hakuna cha kukukimbiza, lakini moja ikiwa chini peke yake, ulizia valvu, ringi au gasketi. Moshi nao una lugha yake. Wa bluu unapoachia mafuta na kukanyaga tena huelekeza kwenye raba za valvu, ambazo ni kazi ndogo. Wa bluu unaotoka muda wote ukipanda mlima ni ringi. Mweusi kidogo kutoka kwenye kabureta zilizorekebishiwa pwani usikuogopeshe, kwa sababu hewa yetu nyepesi hufanya mchanganyiko uwe na petroli nyingi, na fundi mzoefu wa kabureta huliweka sawa jambo hilo kabla ya adhuhuri.

Nilimpeleka mpwa kwenye kilima cha Bugando, tukakipanda kwa gia ya tatu ili klachi ikiri kama inateleza, tukashuka tukiwa tumeachia mafuta ili tuone kama gia itaruka. Haikuruka. Difu liligonga mara moja tulipoondoka, jambo la kawaida kwa umri wake. Nyuma, kwenye mikono ya magurudumu, kuna pini ndefu ambazo mafundi wa magari haya wanazilaani duniani kote, kwa sababu hushikana na kutu ndani ya bushi zake, na kazi ya saa moja ikawa ya siku tatu. Mnunuzi hawezi kuzipima kwa macho, basi aziingize kwenye hesabu kana kwamba zimekwisha kushikana. Dashibodi ilikuwa imepasuka sehemu nne kwa jua. Nyaya za taa zilikuwa na joto baada ya dakika kumi tu za kuwaka, kwa kuwa umeme wote wa taa kubwa hupita kwenye swichi ya usukani, na swichi hiyo huungua. Hayo yote yanatengenezeka, na sikuyapigia kelele.

Karatasi zilinichukua muda mrefu kuliko injini. Namba ya chesi ya gari hili imegongwa kwenye ukuta wa bati wa nyuma ya injini, na gari lililotengenezwa kwa usukani wa kulia kwa soko la nje huanza na HS30, wakati lile la usukani wa kushoto huanza na HLS30. Anayekuonyesha usukani wa kulia wenye HLS30 anakuonyesha gari lililogeuzwa, na unastahili kujua nani aligeuza na aliunganisha vipi usukani na breki. Futa rangi iliyozidi juu ya namba, usome kila tarakimu pamoja na kadi, na utazame kama bati linaloizunguka limekatwa na kuchomelewa, maana hapo si suala la bei tena, hapo ni polisi. Namba ya injini iko ubavuni mwa bloku, upande wa kulia. Yetu ilianza na L28, si L24 ya kiwandani, na kadi haikulijua hilo. Injini ya L28 ni ndugu wa damu wa ile ya awali, ina ujazo mkubwa zaidi, inaingia bila kukata kitu, na ilikuwamo katika Nissan Patrol za miaka ya 1980 ambazo huku zilikuwa nyingi, kwa hiyo sikuona uovu wowote, bali mzee mmoja wa Kirumba aliyetaka gari lake litembee. Lakini mabadiliko hayo yanapaswa kuingizwa kwenye kumbukumbu za Mamlaka ya Mapato, na gari lisilo na injini yake ya awali haliuzwi kwa bei ya lile lililo nayo.

Halafu jina. Kadi ilikuwa na jina la marehemu, na dalali alisema jambo hilo “linazungumzika”. Halizungumziki. Gari la marehemu huuzwa na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na mtu anayenunua kwa mjane asiye na hati hiyo, hata mjane mwenyewe akiwa mwaminifu kama mama yule, anaweza kuamshwa na watoto wa marehemu miaka miwili baadaye. Tulimweleza mama, naye hakukasirika. Alikuwa hajaambiwa na mtu yeyote. Kuhusu sakafu ya bati la pipa, alituapia kwamba hakujua, na mimi ninamwamini. Alichokijua ni kwamba dalali alimwomba fedha za rangi na kumwahidi kuwa zitarudi mara tatu.

Ninaloliomba kupitia gazeti lako ni dogo. Anayeuza gari la namna hii akubali liinuliwe, zulia litolewe na bati liguswe, tena kwa nusu siku. Asiyekubali, mnunuzi aage kwa heshima na aondoke, hata kama injini inaimba. Mnunuzi naye aje na fundi wake na amlipe yeye mwenyewe, kwa kuwa fundi anayeletwa na dalali anajua nani atamletea kazi kesho. Na huyo fundi awe wa bodi, anayeshika mashine ya kuchomelea kila siku, hata kama ni lazima kumtoa kwenye karakana ya mitumbwi, kabla ya fundi wa injini ambaye sote tunamkimbilia. Wamiliki wa gereji wenye mashimo ya ukaguzi wangeweza kutoza ada kwa huduma hiyo, na ninaamini wangepata wateja.

Mpwa wangu hakununua siku ile. Mama alikwenda mahakamani, akapata hati yake, akamwondoa dalali, na mwishowe waliuziana wao kwa wao kwa bei ambayo mpwa ameniomba nisiitaje, ila ni chini ya nusu ya ile ya rangi nyekundu. Sasa gari liko Nyakato kwa rafiki yangu mmoja wa zamani wa kuchomelea, limesimama juu ya stendi nne, halina milango. Tumelikatia sakafu yote ya upande wa dereva pamoja na reli yake, na bati jipya la milimita moja na robo lilikamatishwa Jumamosi iliyopita. Upande wa abiria unasubiri mshahara wa mwisho wa mwezi. Injini iko pembeni, imekaa juu ya matairi mawili chini ya turubai. Kila anayepita huinua kona ya turubai, akachungulia, akauliza kama inawaka.

Ni mimi msomaji wako,
Fundi bati mstaafu,
Igogo, Mwanza.